Aliyeshika Maikrofoni: Vichekesho vya "Mtu wa Porini" Vinavyoundwa

Chupa ya soda ya kioo inatupwa kutoka kwenye ndege ndogo, inatua kwenye mchanga wa Kalahari bila kuvunjika, na mtu anayeitwa Xi anaiokota. Kila kitu kinachofuata katika The Gods Must Be Crazy, filamu ya 1980 iliyoandikwa, kutayarishwa na kuongozwa na Jamie Uys wa Afrika Kusini, kimening'inia kwenye chupa hiyo. Walioitazama kwenye kanda za VHS au kwenye vibanda umiza wanamkumbuka nyani, wanalikumbuka Land Rover lililoning'inia mtini, wanamkumbuka Xi akitabasamu mbele ya hakimu. Sauti ya kiume inayosimulia toka mwanzo haikumbukwi sana, ingawa ndiyo inayoshika usukani wa kicheko karibu muda wote.

Tuanze na chupa kwa sababu ndiyo sehemu iliyotengenezwa vizuri kuliko zote. Redio isingefaa: betri zingeisha, na ingebidi mtu aeleze ile sauti inatoka wapi. Bunduki ingeleta maafa ndani ya dakika moja. Chupa ya kioo mtazamaji yeyote, wa Tokyo au wa Tandale, anaitambua kwa nusu sekunde, kwa hiyo hakuna haja ya maelezo upande wake. Kwa familia ya Xi ni kitu kigumu kuliko mti, laini kuliko jiwe, na kiko kimoja tu. Wanapondea mizizi, wanalainishia ngozi ya nyoka, wanapuliza mdomo wake ikatoa muziki. Faida hizo zinaonyeshwa moja baada ya nyingine, haraka haraka, na kila moja ni ya kweli: chupa inafanya kazi hiyo barabara. Baada ya hapo ndipo wanaanza kugombania, na mtu anapigwa nayo kichwani.

Mpangilio huo ukigeuzwa, kichekesho kinakufa. Pigo la kichwani likitangulia, chupa inakuwa silaha na Xi anakuwa mjinga aliyeokota silaha. Waandishi wengi wa skripti za "mshamba kaja mjini" huruka hatua ya faida. Mzee anashuka basi Mbezi, anakutana na ngazi ya umeme, anaanguka, watu wanacheka. Imeisha, maana hakuna kilichojengwa. Mgeni akipewa nafasi ya kukielewa kitu kwa akili yake mwenyewe, na uelewa wake ukawa sahihi kwa robo tatu, ile robo iliyobaki ndiyo inayochekesha.

Kutoka kwenye chupa Uys anapata lengo la safari linalosemeka kwa sentensi moja: Xi anaamua kwenda kukitupa kitu kile kiovu nje ya ukingo wa dunia. Filamu nzima inamfuata kwa miguu. Ukingo wenyewe, lile genge lenye mawingu chini yake tunaloliona mwishoni, ni God's Window, kwenye eneo la Afrika Kusini ambalo leo ni mkoa wa Mpumalanga, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka nyumbani kwao waigizaji Wasan, watu wa asili wa Kalahari. Filamu inasema yote haya ni Botswana. Kuhusu uongo huo tutarudi.

Hadithi nyingine mbili zinasukwa pembeni. Andrew Steyn, anayeigizwa na Marius Weyers, ni mtafiti anayechunguza mavi ya tembo na hawezi kusimama mbele ya mwanamke bila kuangusha kitu. Kate Thompson, yaani Sandra Prinsloo, anaiacha kazi ya gazeti Johannesburg aende kufundisha kijijini. Halafu kuna Sam Boga na waasi wake wanaokimbia baada ya jaribio la mapinduzi kushindwa. Ukiziangalia kwa makini, anayehangaika zaidi ugenini ni Steyn, mtu wa mahali pale pale, akiwa na gari lake mwenyewe. Xi anaitwa mgeni, lakini miguu yake haitelezi hata mara moja. Uys aliiweka sehemu kubwa ya miereka na maanguko kwenye mwili wa mzungu msomi, na huo ulikuwa uamuzi wa kifundi wenye busara, hata kama uamuzi wake mwingine una walakini.

Hilo Land Rover, Mpudi, msaidizi wa Steyn, analiita Mpinga Kristo. Breki zake haziaminiki, kwa hiyo kila linaposimama lazima jiwe liwekwe kwenye gurudumu. Tukio la kufungua geti ni somo zima la uandishi wa kichekesho cha kimwili. Mtazamaji keshapewa kanuni mapema: gari halikai. Sasa dereva yuko peke yake, geti limefungwa, na kulifungua lazima ashuke. Hakuna tena cha kueleza. Kila anachofanya kutatua tatizo moja kinazaa jingine, na anayatatua kwa akili timamu, ndiyo maana inauma. Baadaye winchi inafungwa mtini ili ilivute gari, mwenyewe anasahau, na gari linajipandisha juu ya mti lenyewe.

Anayetaka kupiga tukio la gari linaloserereka na bajeti ya Kinondoni ajue kwamba gari haliserereki kweli. Njia ya kawaida ni dereva wa pili aliyelala chini ya dashibodi au aliyejificha nyuma ya kiti, breki zikiwa nzima kabisa, mwendo usiozidi kilomita 8 kwa saa, kwenye ardhi karibu tambarare. Mteremko wa kweli ni wa kamera: ukiinamisha kamera kidogo kuelekea upande gari linakotoka, bapa linaonekana mteremko. Kilomita hizo 8 ukizipiga kwa fremu, yaani picha, 16 kwa sekunde na kuzionyesha kwa 24, zinaonekana 12, na mwigizaji anayekimbia kuliwahi anaonekana kama miguu yake ina gesi. Jihadhari pia gari linaporudishwa mwanzo ili lirudiwe, wakati kila mtu amelegea na dereva wa pili ametoka kuvuta hewa.

Hapo tumegusa siri kubwa ya kasi. Filamu ya kawaida hupigwa fremu 24 kwa sekunde. Ukipiga 18 na kuonyesha 24, tendo la sekunde 4 linaisha kwa 3. Ukipiga 12, linaisha kwa 2. Uys aliutumia mtindo huu mno, na mtu akiitazama leo anaona mara moja kwamba watu wanatembea kama wa filamu za kale zisizo na sauti. Inafanya kazi kwenye matukio mapana, mwili mzima ukionekana kutoka kisigino hadi utosi, kamera ikiwa imetulia. Haifanyi kazi kwenye uso ulio karibu, kwa sababu kope hupepesa ovyo na midomo inakuwa ya bata.

Kwenye simu au kamera ya kidijitali jambo hili huharibika kwa njia mahususi. Wengi hupiga kwa fremu 24 au 25 na shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, ya sekunde 1/50, kisha wanaongeza kasi hadi asilimia 133 kwenye programu ya kuhariri. Programu inatupa fremu moja kati ya kila nne, na kwa kuwa kila fremu iliganda kwa muda mfupi, mwendo unakuwa wa kuchomoka chomoka kama video inayokwama kwenye bando dogo. Dawa ni kupunguza shata hadi karibu 1/40 au 1/30 wakati wa kupiga, ili kila fremu ibebe ukungu kidogo wa mwendo. Nje, saa sita mchana, shata hiyo itaunguza picha nzima iwe nyeupe, kwa hiyo kichujio cheusi cha kupunguza mwanga mbele ya lenzi ni lazima. Ndani ya nyumba tahadhari nyingine: umeme wetu ni wa hezi 50, taa hupepesa mara 100 kwa sekunde, na shata ya 1/40 itakuletea mistari inayopanda ukutani. Ndani baki na 1/50 au 1/100, na usiongeze kasi zaidi ya asilimia 115.

Vitu vinavyoumbua kasi ya kughushi ni vile ambavyo mwigizaji havitawali: vumbi linalotua, maji yanayomwagika, bendera, moshi, mpita njia aliye nyuma. Mchanga ukianguka haraka kuliko kawaida, jicho linajua kabla akili haijajua. Kwa hiyo wanaokaa nyuma wanaambiwa watembee polepole, robo tatu ya mwendo wao. Sauti nayo haifai kabisa. Asilimia 133 inapandisha sauti karibu nusu toni 5, mzee wa miaka 60 anakuwa kijana wa kipaimara. Lazima sauti yote ya tukio hilo iingizwe upya studio, na ndivyo The Gods Must Be Crazy inavyosikika kwa sehemu kubwa: sauti imebandikwa juu ya picha.

Sauti ikishabandikwa, anayeibandika ndiye mwenye filamu.

Xi anazungumza. Mwigizaji wake, N!xau ǂToma, alizungumza Kiju|'hoan, lugha ya vidoko, na katika filamu anasema mengi. Mtazamaji hatafsiriwi. Badala ya maandishi chini ya picha, anapewa msimulizi mwenye sauti tulivu ya filamu za wanyama, anayeeleza Xi anawaza nini. Kiufundi msimulizi huyo ni nafuu kubwa. Anafupisha siku tatu za safari kuwa sekunde tano. Anatangaza kanuni kabla ya tukio, hivyo tukio lenyewe halihitaji maneno. Na sauti yake haicheki kamwe, kwa hiyo anayecheka ni mtazamaji peke yake. Tukio ambalo Xi anamwona Kate kwa mara ya kwanza linasimama kwa nguvu hiyo: msimulizi anatuambia kwa utulivu kwamba Xi hajawahi kuona kiumbe kibaya wa sura kama huyu, mweupe kama kitu kilichooza, nywele ndefu nyeupe kama za mtu mzee sana, na mkubwa kiasi kwamba mtu angechimba mizizi kutwa nzima kumlisha. Mrembo wa filamu anapimwa kwa mizani ya jikoni, na mizani hiyo ina mantiki.

Walakini ni kwamba hatujui kama Xi aliwaza hivyo, wala N!xau hakuwa na nafasi ya kubisha. Angeweza kuwa anasema chochote. Msimulizi mwenye idhini ya kumsemea mtu anayesikika akizungumza ni kitu chenye hatari kubwa, na filamu hii haikuogopa kukitumia hadi kwenye mambo ya kweli. Inasema kwa sauti ile ile ya kitaalamu kwamba watu hawa hawajui kama kuna dunia nje ya Kalahari, hawana ugomvi, hawana mali. Inasema pia kifaru huja usiku kukanyagakanyaga moto wa kambi mpaka uzime, jambo lisilo na ushahidi wowote wa wataalamu wa wanyama. Watu wengi hadi leo wanaamini la kifaru. Wakiliamini hilo, la kwanza wataliachaje?

Hali halisi ya Tsumkwe, kaskazini mashariki ya nchi ambayo leo ni Namibia, ilikuwa nyingine. Sehemu hiyo ilitawaliwa na Afrika Kusini na kuitwa Bushmanland. Ofisi ya serikali ilianza kuwakusanya Waju|'hoansi, Wasan wa jamii ya N!xau, hapo tangu mwisho wa 1959, na kufikia miaka ya filamu jeshi la Afrika Kusini lilikuwa likiwaandikisha vijana wao kwa mshahara. Unga wa msaada, pombe na kifua kikuu vilikuwa sehemu ya maisha. John Marshall alikuwa akipiga filamu ya hali halisi mahali hapo hapo, N!ai, the Story of a !Kung Woman, iliyotoka 1980, na ndani yake kuna kipande cha kikosi cha Uys kikifanya kazi. Anayetaka kujifunza kutengeneza filamu azitazame zote mbili kwa usiku mmoja. Watu ni wale wale, mchanga ni ule ule. Katika moja wamevalishwa ngozi, katika nyingine wamevaa nguo zao.

N!xau mwenyewe alichunga mifugo shambani Botswana alipokuwa mtoto, kisha akawa mpishi wa shule Tsumkwe. Kisa kinachozunguka mtandaoni kwamba alilipwa dola 300 akaziacha zipeperuke na upepo kwa kuwa hakujua karatasi ni fedha, kipimwe kwa kigezo hicho: mpishi wa shule, mwenye mshahara, asijue noti? Kisa hicho ni mwendelezo wa sauti ya msimulizi nje ya ukumbi wa sinema. Kwa filamu ya pili ya 1989 alidai malipo makubwa, akieleza kwamba anataka nyumba ya matofali yenye umeme na pampu ya maji kwa ajili ya familia yake. Alifariki 2003 karibu na Tsumkwe, alikokuwa amerudi kulima mahindi, maboga na maharage na kufuga ng'ombe wachache.

Baada ya filamu za Uys, N!xau alichukuliwa na watengenezaji wa Hong Kong. Crazy Safari ya 1991 inamdondosha Afrika mzimu wa Kichina unaorukaruka, pamoja na Lam Ching-ying, bingwa wa filamu za mizimu hiyo. Mwaka 1993 ikafuata Crazy Hong Kong, safari hii yeye ndiye aliyepelekwa katikati ya maghorofa. Toleo la Kikantoni la Crazy Safari lina kitu ambacho watu wa kwetu watakielewa bila kuelezwa: wachekeshaji wawili, Stephen Chow na Ng Man-tat, wanaizungumzia filamu juu kwa juu kama watu waliokaa pembeni yako. Ndicho alichokifanya Lufufu Dar es Salaam na anachofanya DJ Afro Kenya. Tofauti iko hapa: mtafsiri wa kibanda umiza haigizi mtaalamu. Kila mtu ndani ya kibanda anajua kwamba anachomsemea Jackie Chan kuhusu bei ya sukari kimetungwa pale pale. Uongo wake umetangazwa mlangoni, pamoja na kiingilio.

Sasa linganisha na filamu nyingine ya "mtu wa porini", kwa Kiingereza "bushman", neno ambalo Wasan nao wameitwa. Nchini Australia "bushman" ni mtu yeyote aliyekomaa nyikani, aghalabu mzungu mwenye kofia, na Crocodile Dundee ya 1986 ni hadithi ya mmoja wao anayepelekwa New York na mwandishi wa habari wa kike. Iliongozwa na Peter Faiman, ikagharimu chini ya dola milioni 10 za Australia, ikawa ya pili kwa mapato Marekani mwaka ule baada ya Top Gun. Kilichoichochea ni kisa cha Rod Ansell, aliyekwama karibu na mto Fitzmaurice mwaka 1977 akaishi wiki kadhaa peke yake, kisha alipoitwa Sydney kuhojiwa kwenye televisheni akalala sakafuni hotelini na kushangaa lile beseni la kunawia la chooni. Beseni hilo limo ndani ya filamu.

Paul Hogan aliigiza Dundee na alikuwa mmoja wa waandishi watatu wa skripti. Hapo pana tofauti yote. Mwenye uso ndiye mwenye kalamu, na hakuna msimulizi. Skripti inatumia karibu nusu ya muda nyikani, ambako mwandishi wa habari ndiye asiyejua kitu, kabla ya kuhamia mjini. Mtazamaji akishamwona Dundee akishinda mamba, hawezi kumdharau mbele ya ngazi ya umeme. Na ndani ya nusu hiyo ya kwanza kuna ujanja: Dundee anachungulia saa ya mwenzake kisiri, halafu anajifanya kusoma saa kwa jua. Ananyoa kwa kiwembe cha dukani, akisikia hatua anashika kisu kikubwa. Filamu inakiri kwamba "mtu wa porini" ni vazi, na mvaaji analijua.

Dakika moja ya filamu hiyo imeizidi nyingine zote. Neville, Mwaborijini anayeigizwa na David Gulpilil, anatokea usiku akiwa amevaa jinzi na saa, anaelekea ngomani kwa sababu baba yake amemlazimisha. Mwandishi anainua kamera. Neville anamwambia hawezi kumpiga picha. Mwandishi, kwa heshima yote, anauliza kama anaogopa roho yake kuchukuliwa. Jibu ni kwamba kifuniko cha lenzi hakijatolewa. Hakuna kasi ya kughushi wala maanguko. Msomi katoa nadharia, aliyedhaniwa haelewi kamera ndiye anayeielewa. Inasikitisha kwamba filamu ilimpa nafasi hiyo fupi tu kisha ikamwacha gizani.

Kwetu hapa suala hili si la makumbusho. Kuna chaneli nyingi za YouTube zinazowapelekea Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi pizza, soda na keki ili wapigwe wakionja, kisha mtu wa mjini anaweka maneno juu. Ni chupa ile ile ikitupwa kutoka ndege ile ile, safari hii kila wiki. Kihadza, kama Kisandawe cha huko Dodoma na Kidahalo cha pwani ya Kenya, kina vidoko, na hapo ndipo wahariri wengi hufanya kosa bila kukusudia. Kidoko ni mshindo mfupi mkali. Programu za kusafisha sauti zina kichujio cha kuondoa milio ya "tik" ya waya mbovu, nacho hakijui tofauti. Kinafuta konsonanti na kuacha maneno yenye mashimo. Simu nazo huwa na kipunguza kelele kinachofanya hivyo hivyo kimyakimya. Kizime kabla ya kurekodi. Weka kiwango ili kilele cha sauti ya kawaida kiwe karibu desibeli 18 chini ya mwisho wa kipimo cha kurekodi, kwa sababu kidoko kitaruka juu ya hapo na kupasuka ukiweka juu. Maikrofoni ndogo ya kubana nguoni iwekwe kifuani, kiasi cha sentimita 20 kutoka kinywani, siyo kooni.

Kisha tafsiri iandikwe. Mistari miwili, herufi 40 kwa mstari kwa wingi, na isomeke kwa mwendo wa herufi kama 15 kwa sekunde. Kiswahili kina maneno marefu, "wanaowasubiria" peke yake limekula herufi 14, kwa hiyo sentensi lazima ikatwe kwa mkono wa mtu, asiachiwe kompyuta. Mwenye lugha aitazame tafsiri kabla haijapandishwa na awe na haki ya kusema hapana. Nchini Tanzania kibali cha Bodi ya Filamu kitahitajika hata hivyo. Makubaliano ya malipo, ya siku na ya mapato ya baadaye, yaandikwe kwenye karatasi hiyo hiyo ya safari, kwa lugha ambayo mlipwaji anaisoma au imesomwa mbele ya shahidi wake.

Na kichekesho chenyewe? Bado kipo, na mjini kimejaa. Chukua mfugaji mzee anayefika kituo cha mwendokasi Kimara saa moja asubuhi. Kanuni ya mahali ionyeshwe kwanza, sekunde 10: basi linafika, watu wanajaa mlangoni wote kwa pamoja, basi linaondoka nusu tupu kwa sababu mlango umezibwa. Irudie mara ya pili, mzee akitazama. Uso wake usionyeshe mshangao, aonekane anahesabu. Basi la tatu linapofika anapiga mluzi ule wa kisimani, mfupi mfupi mrefu, anainua fimbo kimlalo kama anavyogawa ng'ombe wa kunywa na wa kusubiri, na watu wenye suti na mabegi ya kompyuta wanajikuta wamegawanyika mistari mitatu kabla hawajajua kwa nini. Wanaingia. Konda hana la kusema. Mzee anabaki nje, maana mchungaji huingia mwisho, na mlango unafungwa usoni pake.

Litahitaji watu 25 hadi 30 wa kujaza kituo; chini ya 20 msongamano hauaminiki, zaidi ya 40 hutaweza kuwarudisha mahali pao kati ya kurudia na kurudia. Kamera moja iwe juu, mita 3 hivi, ionekane mistari ikijichora, nyingine kifuani kwa mzee. Fremu 24, bila kuongeza kasi hata kidogo, kwa sababu kinachochekesha ni utulivu. Mluzi urekodiwe na mfugaji wa kweli, na huyo ndiye wa kuulizwa kama fimbo inainuliwa hivyo. Akisema ng'ombe wake wangekucheka, andika upya.